Pilau Iliyozima Jiko, na Barua Nyingine Nne

Konda wa basi la Moshi alinipigia simu kutoka stendi ya Mbezi. "Mama, huu mzigo wako una nini? Abiria wamenilalamikia tangu Korogwe." Nikamwambia ni tope la mtambo wa bayogesi, tafadhali asilitupe, nakuja. Aliponikabidhi alikuwa ameushika kwa ncha za vidole viwili kama mtu aliyebeba panya aliyekufa. Kwa hiyo mwezi huu, katika barua zenu za nishati ninazojibu hapa, mwenye tope atangulie. Wengine mtanisamehe.

*

*Shikamoo Bibi Mhandisi. Naishi Kibosho, nina ng'ombe watatu wa ndani na mtambo wa bayogesi wa kuba, mita za ujazo 9, nilijengewa miaka sita iliyopita na haujawahi kunisumbua. Mwezi uliopita tuliozesha binti. Chakula kilibaki kingi: pilau, mtori, nyama, na mafuta ya kukaangia karibu ndoo nzima. Shemeji yangu akasema visitupwe, vyote hivyo ni gesi. Tukamimina. Siku mbili za kwanza gesi ilijaa mpaka tukamsifu shemeji. Siku ya tatu moto ukaanza kuruka ruka, na sasa nikisogeza kiberiti kinazimwa na upepo wa jiko lenyewe. Fundi anasema tope lote litolewe tuanze upya, anataka laki nne. Nimekutumia kidogo ulione.*
*Mama Bibi Harusi, Kibosho*

Marahaba mwanangu, na hongera ya harusi. Hizo laki nne usimpe mtu.

Tope lako nimelipima kwa karatasi ya pH hapa barazani, ile inayopima asidi: namba ikishuka chini ya 7, asidi imezidi. Limesoma 5 na kitu. Mtambo wenye afya husoma kati ya 6.8 na 7.4, ukishuka chini ya 6.5 kuna ugomvi ndani. Tumboni mwa huo mtambo wanaishi vijidudu wa makundi kadhaa, lakini wewe shika mawili tu. Kundi la kwanza hula chakula na kutoa asidi. Kundi la pili hula asidi na kutoa methani, ambayo ndiyo inayowaka jikoni. Kundi la kwanza ni walafi na huzaliana kwa saa. La pili ni wapole na huzaliana kwa siku, wengine kwa wiki. Samadi huwaletea chakula kidogo kidogo, kwa sababu ng'ombe ameshakula sehemu nzuri kabla yao. Pilau ni chakula kizima, wanga mtupu uliokwisha kupikwa. Walafi walifanya sherehe yao, asidi ikamwagika, wapole wakazidiwa. Mnachopata sasa bombani ni hewa ya ukaa kwa wingi, na hewa ya ukaa ndiyo wanayojaza kwenye mitungi ya zimamoto. Ndiyo maana kiberiti chako kinazimwa.

Mafuta nayo yamefanya yake. Mengine yameelea juu na kufunga utando, na yaliyovunjika yanawalewesha hao hao wapole.

Sasa fanya hivi. Acha kulisha kabisa siku saba hadi kumi. Fungulia gesi mbaya itoke nje, mbali na moto na mbali na chumba cha kulala. Koroga kwa mti mrefu kupitia chemba ya kuingizia, asubuhi na jioni. Tafuta jirani mwenye mtambo unaowaka vizuri, umwombe ndoo nne tano za tope lake linalotoka, umimine kwako. Hiyo ni mbegu. Ongeza majivu ya kuni yaliyochekechwa, kopo moja moja kwenye maji, ukipima kila siku mbili. Watu watakushauri chokaa. Inafanya kazi haraka, lakini kwenye kuba lililofungwa hunyonya hewa ya ukaa ghafla na kuvuta kuta kwa ndani, na mimi sipendi kuta zivutwe. Karatasi ikisoma 6.8 anza na nusu ndoo ya samadi na nusu ya maji kwa siku. Baada ya wiki rudi kwenye ndoo mbili kwa mbili kama zamani.

Na wakati wote huo asiingie mtu ndani ya shimo, hata fundi, hata kwa dakika moja. Ile harufu ya yai bovu ni salfidi ya haidrojeni, na ikizidi huua pua kwanza, unadhani imekwisha kumbe ndiyo imejaa.

Shemeji yako msimseme sana. Kimsingi yuko sahihi: kilo moja ya mabaki ya chakula hutoa gesi mara kadhaa ya kilo moja ya samadi, na ndiyo sababu vyuo vingi vinatafiti namna ya kuchanganya hivyo viwili. Kosa lake ni kipimo. Hata mimi nililifanya, tena nikiwa na karatasi ya chuo ukutani. Nilikuwa na mitambo midogo sita ya kioo, lita kumi kila mmoja, ndani ya maji ya nyuzi 37, na Idd ilikuwa Ijumaa. Nikaona nilishe ya siku nne kwa mkupuo niende zangu Tanga. Niliporudi Jumanne, mitano ilikuwa siki. Miezi mitatu ya vipimo ikaenda na maji. Wa sita ulipona kwa sababu funeli iliziba na chakula hakikuingia.

*

*Shikamoo mama. Mimi ni fundi pikipiki hapa Mwanjelwa, Mbeya. Niliona video ya jamaa anaendesha pikipiki kwa maji. Nimetengeneza yangu: chupa ya jemu, bati mbili za stenlesi, maji na magadi, nyaya kutoka kwenye betri. Mapovu yanatoka, na ukiyawasha yanalia pah! Nimepeleka mpira kwenye kabureta na wateja wanane wanasema mafuta yanapungua. Nataka kuuza elfu themanini kwa seti. Chuo kikuu wanaweza kunipa cheti?*
*Fundi wa Maji, Mbeya*

Marahaba fundi. Mkono wako ni mzuri na kilichotoka kwenye chupa ni haidrojeni kweli, pamoja na oksijeni. Waingereza wawili, Nicholson na Carlisle, waliyaona mapovu hayo hayo mwaka 1800, mara tu betri ilipobuniwa. Shida yako haiko kwenye chupa.

Kuni ikishaungua inabaki majivu. Haidrojeni ikishaungua inabaki maji. Maji ni majivu, fundi. Unaweza kuyageuza yawe kuni tena, ila utalipa moto wote uliotoka mara ya kwanza, na chenji juu.

Tupige hesabu kwa betri yako. Betri ya pikipiki ya volti 12, ampea-saa 5, ina watisaa 60 ikiwa imejaa. Mitambo mizuri ya viwandani hula kilowatisaa 50 hadi 55 kutengeneza kilo moja ya haidrojeni. Kwa hiyo betri yako yote, mpaka ife, itakupa kama gramu moja. Gramu moja ya haidrojeni ina nguvu sawa na mililita nne hivi za petroli. Kijiko cha chai hakijai. Na chupa ya jemu si mtambo wa kiwandani, kwa hiyo toa tena.

Utasema betri inachajiwa na injini. Na injini inalishwa na nini? Katika kila sehemu 100 za petroli, injini ya pikipiki hugeuza kama 25 kuwa mwendo na zilizobaki ni joto la ekzosi na bloku. Katika hizo 25, koili inakupa umeme labda sehemu 15, chupa inakupa haidrojeni labda 8, na haidrojeni hiyo ikirudi kwenye injini ile ile inatoa mwendo wa sehemu 2. Umetoa 25 ukapokea 2. Muuza vitumbua wa Mwanjelwa angekutimua.

Wateja wako hawasemi uongo. Hebu nikuulize: ulipofunga mpira kwenye kabureta, hukuisafisha kwanza? Hukugusa plagi, hukukaza mnyororo? Mimi naamini wewe ni fundi mzuri na hiyo ndiyo iliyopunguza mafuta. Ukitaka kujua, chukua pikipiki moja, lita moja ya petroli kwenye chupa yenye alama, barabara moja, Mwanjelwa hadi Uyole na kurudi, mara kumi. Safari tano mpira umeungwa, tano umezibwa kwa ndani, na dereva asijue ni ipi. Andika. Cheti chako ni hicho daftari.

Na acha kuweka gesi hizo mbili kwenye chupa moja. Haidrojeni hushika moto ikiwa asilimia 4 tu ya hewa mpaka asilimia 75, na ikiwa imechanganyika tayari na oksijeni, ile pah! inayokufurahisha ni bomu dogo la vioo mbele ya uso wa bodaboda. Video zenyewe zina historia. Marekani alikuwapo mtu aitwaye Stanley Meyer aliyesema gari lake linakwenda kwa maji. Wawekezaji wakamshitaki, na mwaka 1996 mahakama ya Ohio ikaamua ni udanganyifu na kumwamuru arudishe fedha zao.

Vyuoni wanaitafiti haidrojeni kwa dhati, lakini umeme wanautoa kwenye jua, upepo, au mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria kule Kenya, na wanataka kuitumia kwenye mbolea na chuma zaidi kuliko kwenye pikipiki. Maumivu yao makubwa ni kichocheo, yaani kile kinachoharakisha kazi ya kemia bila chenyewe kuliwa. Aina moja ya mitambo ya kupasua maji inahitaji iridiamu, madini adimu, na dunia nzima huchimba tani saba au nane tu za iridiamu kwa mwaka, nyingi Afrika Kusini. Mtafiti anayepunguza iridiamu kutoka kijiko hadi nusu kijiko amefanya kazi ya maisha. Wewe uza huduma ya kusafisha kabureta, elfu kumi na tano. Nitaleta ya mjukuu wangu.

*

*Mheshimiwa mwandishi, mimi ni mkuu wa shule ya bweni mkoani Dodoma, wanafunzi 600. Tunachoma kuni kama kilo 400 kwa siku. Kwa kuwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekatazwa kuni na mkaa, bodi imependekeza bayogesi ya vyoo. Kuna watu wamekuja wakasema vyoo vyetu vitapika kila kitu. Je, ni kweli?*
*Mkuu wa Shule, Dodoma*

Mwalimu, nusu ya maneno yao ni kweli, na hata nusu nimewaongezea.

Mtu mmoja kwa siku huchangia kama lita 25 za gesi, akijitahidi. Wanafunzi 600 ni mita za ujazo 15. Mita moja ya ujazo huokoa takriban kilo tano za kuni za mafiga. Kumi na tano mara tano ni kilo 75, na wewe unachoma 400. Kwa hiyo vyoo vitapika chini kidogo ya sehemu moja ya tano. Waulize hao watu hesabu hii mbele ya bodi na uangalie nyuso zao.

Lakini usiwafukuze. Rwanda walilifanya jambo hili kwenye magereza, na waliolifanya walikuwa wahandisi wa chuo, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, KIST, ambayo leo iko ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Walichimba makuba makubwa chini ya ardhi, wakaunga vyoo vya magereza yenye maelfu ya watu, na mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Ashden ya Uingereza. Kuni za jikoni zilipungua karibu nusu. Kilichonivutia mimi si kuni. Kinyesi kilikuwa kikitiririka kwenye mabonde na mito ya majirani; kikakoma. Maji machafu yaliyochachushwa yakaenda bustanini. Ukipima mradi wa vyoo kwa sufuria peke yake utaona hasara. Weka na gharama ya gari la kunyonya choo, weka na kipindupindu.

Ukiwa na ng'ombe kumi wa shule na mabaki ya jikoni (kwa kipimo, soma barua ya Kibosho), utasogea zaidi. Kilichobaki kitafutie gesi ya mitungi au umeme. Na kabla ya yote nenda jikoni kesho saa kumi na mbili asubuhi uulize maharage yaliloweshwa usiku au hayakuloweshwa. Nimekwenda shule nyingi. Hayaloweshwi.

*

*Hujambo mwalimu? Mimi ni mwanafunzi wa sekondari Kisumu. Ziwa letu limejaa gugu maji. Kwa nini watu wa chuo kikuu hawaligeuzi kuwa mafuta tukatajirika?*
*Mwanafunzi, Kisumu*

Sijambo mjukuu. Nenda ufukweni, ng'oa gugu moja, lipime, lianike juani mpaka likauke karatasi, lipime tena. Kilo 10 zitakuwa nusu kilo, au kilo moja ukibahatika. Hilo gugu ni maji yaliyovaa majani. Anayetaka kulichoma au kulisafirisha analipia lori la maji. Kwenye mtambo wa bayogesi hayo maji hayadhuru, kwa hiyo linafaa kwa mtambo ulio pale pale ufukweni, likikatwa katwa na kuchanganywa na samadi. Watafiti wa pande zote za ziwa wamelijaribu hivyo na gesi hutoka. Utajiri mdogo. Ukishapima niandikie namba zako, nitazichapa.

*

*Asalaam aleikum Bibi Mhandisi. Mimi ni mama wa Pongwe, Tanga. Binti yangu amechaguliwa Mlimani, uhandisi wa kemikali. Yeye anasema anataka utafiti wa nishati safi, na anataja bayoinjinia, mara vimeng'enya, mara mwani. Baba yake mdogo anasema ataishia kupika sabuni, bora aombe kuhama aende ualimu. Nina ng'ombe mmoja wa kuuza kwa ajili ya safari na vifaa. Niuze? Na hicho anachokisema kipo, au ni maneno ya intaneti?*
*Mama Mtoto, Pongwe*

Waaleikum salaam dada yangu wa nyumbani. Pongwe naijua. Mimi nimezaliwa kwenye kambi ya mkonge, baba yangu alisimama kwenye korona, mashine ya kuponda majani ya mkonge, miaka ishirini na mbili, kwa hiyo barua yako nimeisoma mara tatu.

Unalijua shamba la mkonge vizuri kama mimi. Miche ya kwanza ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na mashamba yote haya yametoka humo. Jani linaingia kwenye korona, linapondwa, uzi unatoka upande huu, na upande ule yanatoka maji ya kijani yenye nyama ya jani. Katika kilo 100 za majani, uzi ni kama kilo nne. Kilo tisini na sita tunatupa. Nilipokuwa mdogo zilikwenda mtoni, mto ukatoka povu, na mikono ya baba iliwasha usiku kwa sababu ya asidi ya hayo maji. Mama alimpaka mafuta ya nazi.

Nilipofika chuoni, darasani tulikuwa wasichana wawili. Mwenzangu alitaka mafuta ya petroli, na aliyapata, sasa yuko ng'ambo. Mimi nilikuwa na swali moja tu, la zile kilo tisini na sita. Miaka baadaye nikaja kulifanyia kazi na ile mitambo ya kioo niliyoilisha Idd. Nikipanda daladala kutoka chuoni watu walinipisha kiti, si kwa heshima.

Mkemia anakuonyesha kwamba kitu kinawezekana kwenye bomba la kioo. Mhandisi wa kemikali anaulizwa: tani ngapi, kila siku, kwa shilingi ngapi, bila kumlipua mtu? Somo la kwanza kabisa tulilofundishwa linaitwa mizania, na ni hesabu ya mama wa nyumbani: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki ndani. Vikikosa kulingana, kuna kitu kinavuja au kuna mtu anadanganya. Nimeshatumia hesabu hiyo mara tatu kwenye ukurasa huu kabla ya kufika kwako. Bayoinjinia ni dada yake: chungu chake ni kiumbe hai. Badala ya kichocheo cha chuma anatumia bakteria, hamira, kuvu, na akipenda anazigusa jeni zao ili zitoe anachotaka.

Kipo anachokisema binti. Kule Hale, njia ya kwenda Korogwe unayoipita kila siku, mwishoni mwa miaka ya 2000 uliwekwa mtambo wa kuchachusha mabaki ya mkonge kuwa gesi na kuendesha jenereta, ukaanza na kilowati 150. Nilikwenda kuuona. Nilisimama nikaunusa, ile harufu ya mikono ya baba, halafu nikatazama taa iliyokuwa ikiwaka mchana bila sababu. Sikuongea na mtu mpaka Segera.

Vimeng'enya navyo, yaani protini zinazoharakisha kazi za kemia ndani ya viumbe hai, si maneno ya intaneti. Vita Kuu ya Pili ilipofika visiwa vya Solomon, mahema ya turubai ya jeshi la Marekani yalioza kwa kasi ya ajabu. Wakachukua vipande, wakakuta kuvu mmoja anayekula pamba kama mchwa. Baadaye akaitwa *Trichoderma reesei*, kwa jina la mtafiti Elwyn Reese. Jeshi lilitaka kumuua. Wahandisi wakataka kumfuga, kwa sababu anachofanya ni kuvunja ukuta wa mmea uwe sukari, na sukari hamira huigeuza kuwa spiriti ya kuendeshea gari. Wajukuu wa kuvu huyo wa mahema ndio wanaotengeneza vimeng'enya viwandani leo.

Mwambie baba mdogo pia habari za Frances Arnold. Mmarekani huyu alisomea uhandisi wa mitambo, aliwahi kuendesha teksi, akafanya kazi kwenye taasisi ya nishati ya jua Colorado, halafu akaenda Berkeley kuchukua udaktari wa uhandisi wa kemikali, mwaka 1985. Alitaka vimeng'enya vifanye kazi ambazo Mungu hakuvipangia. Wenzake walikaa wakivichora kwa akili, wapi pabadilishwe. Yeye akafanya kama wafugaji wetu: akavuruga jeni ovyo, akapata watoto maelfu, akachagua aliye bora, akamzalisha tena. Kimeng'enya chake cha mwanzo, alipokitia kwenye kimiminika ambacho huua vimeng'enya, kizazi cha tatu kilifanya kazi mara 256 kuliko babu yake. Mwaka 2018 akapewa Nobeli ya kemia. Kumchagua huyo mshindi kulikuwa kazi ya macho na subira, na huo ni ustadi wa mtu yeyote aliyewahi kuchagua mbegu ya mahindi ya msimu ujao.

Sasa nikuambie na upande wa pili, maana sitaki uuze ng'ombe kwa hadithi za washindi. Viumbe hai ni wachoyo. Ukiwapa hamira kilo 100 za sukari, wakifanya kazi bila kosa hata moja, spiriti haizidi kilo 51. Iliyobaki inapaa kama hewa ya ukaa. Pombe ikifika asilimia 15 hivi wanajiua kwa kazi yao wenyewe. Na kutoka maabara hadi kiwanda watu wengi huangukia njiani. Mji wa Nevada, jimbo la Iowa, kampuni ya DuPont ilifungua mwaka 2015 kiwanda kikubwa cha kugeuza mabua ya mahindi kuwa spiriti. Kimeng'enya kilikuwapo, hamira walikuwapo, madaktari wa sayansi wamejaa. Mwaka 2017 wakatangaza kukiuza. Viwanda vya aina hiyo vimesumbuliwa na mambo ambayo hayakuwa kwenye tasnifu ya mtu: mabua yanakuja na mchanga unaokula mashine, marobota yakirundikwa yanashika moto, kulisha nyasi ndani ya tangi lenye presha ni kama kusukuma godoro kwenye chupa. Mvulana aliyekulia korona angewaambia habari za mchanga siku ya kwanza.

Ndiyo maana namtaka binti wa Pongwe humo. Mwani nao wanaoutaja intaneti, mwambie asiukimbilie. Kuuvuna kutoka kwenye maji hula nguvu nyingi mno, na mizania yake bado inawashinda wenye pesa. Aanze na kilicho mlangoni: mkonge, maganda ya machungwa ya Muheza, pumba.

Sabuni? Baba mdogo asiidharau sabuni. Mafuta na kostiki kuwa sabuni, mafuta na spiriti kuwa dizeli ya mimea, hao ni ndugu wa damu. Anayejua kupika sabuni isiyochuna ngozi, kundi kwa kundi, ileile kila siku, ameshajua nusu ya kozi.

Ng'ombe usiuze mzima. Mwaka wa kwanza ni hesabu, fizikia, kuchora, na kulia kidogo. Anachohitaji ni kikokotozi kizuri cha kisayansi (cha mkono wa pili kinatosha, kitufe cha sawasawa kiwe hakijachakaa), viatu vya kufunika vidole, na koti la maabara. Koti anunue la pamba. Lile la nailoni la bei rahisi wanalouza mitaani likishika moto huyeyukia kwenye ngozi, na kovu langu la mkono wa kushoto lina umbo la kifungo chake.